Hema Tupu Chini ya Barafu

9 Januari 1939, Jumatatu

Leo mimi Ongeri nimeanza kuandika, na asiyependa afunge macho yake.

Daftari nimetoa kwa duka ya Yakub, Kisii mjini. Yakub ameniuliza, "Mzee Ongeri, daftari ya nini, na wewe shule hujaona hata mlango?" Nikamwambia, mwanangu, mlango sijaona, nilipitia dirisha. Na ni kweli. Wakati wa vita ya Mjerumani nililala hospitali Dar es Salaam na mguu mbovu, na Mzaramo wa kitanda ya pili akawa ananichorea herufi kwa ukuta na mkaa. Mguu ulipopona nilikuwa nasoma magunia yote ya unga. Ndiyo maana naandika Kiswahili. Kikisii changu ni ya kuongea na kugombana, haijawahi kukaa kwa karatasi.

Jambo lenyewe ni hili. Hapo boma iko mzungu tunamwita Bwana Kipimo. Ameweka mkebe nje ya nyumba yake, mvua inaingia, asubuhi anakuja kuangalia imeingia kiasi gani. Mtu mzima, na suruali. Sasa mvua ya Kisii imemchosha, anataka kwenda mlima Kenya, juu kabisa, kupima barafu. Mwezi wa pili, akiwa likizo. Anatafuta mtu anayejua baridi. Yakub, ambaye lori yake ndiyo itapeleka mizigo, akamwambia, "Bwana, iko mzee huko Nyamira amekanyaga barafu ya Kilimanjaro."

Mzee huyo ni mimi. Nilikuwa Karioko, jeshi la wapagazi, nilibeba risasi kichwani mpaka shingo ikaingia mabegani. Kilimanjaro naijua. Sawa, sisi tulipita chini, Moshi, na barafu ilikuwa huko juu. Lakini macho yangu ilifika, na macho ni yangu, sikuazima.

10 Januari

Nyangate amekuja shambani, tunafyeka pahali pa wimbi. Nyangate ni rika langu, tulitahiriwa siku moja, yeye akalia. Kwa hiyo ana ruhusa ya kunitukana na mimi ya kumrudishia.

"Ongeri, nasikia unaenda kudanganya mlima."

"Naenda kusalimia barafu. Tunajuana."

"Barafu gani unajua wewe, mvua ya mawe? Hiyo hata kuku zangu zinaijua. Ukirudi utatuambia uliichuma kama ndizi ukala. Peleka mtu aone kwa macho yake, ndiyo tutasikiliza."

Mke wangu Nyanchera alikuwa anakusanya magugu, akasema bila kuinua kichwa, "Alfayo ataenda. Huyo hajui kudanganya. Sijui alitoa wapi, kwa baba yake hakutoa."

Wote wakacheka, hata mimi. Halafu nikafikiri, kumbe hiyo si mchezo.

11 Januari

Nieleze, kwa sababu Yakub akisoma hataelewa. Alfayo ni mtoto wangu wa kwanza. Mtu wa misheni, maneno yake kidogo, nikianza hadithi ya vita yeye anakumbuka kazi ya mbali. Mwaka jana alijenga nyumba yake hatua chache kutoka kwangu, akaoa Tryphosa. Tangu ajenge sijaingia ndani, na sitaingia mpaka kufa. Si ugomvi. Ni ensoni, ile heshima yenye haya iko katikati ya baba na mtoto aliyetahiriwa. Baba haingii pahali mtoto analala. Hawaogi pamoja. Mwili wa mmoja mwingine hauoni. Nikimtaka nasimama uani nakohoa, anatoka, tunaongea tukiangalia ng'ombe.

Leo nimekohoa, akatoka.

"Tata," akasema, ndiyo baba kwa Kikisii.

"Utaenda na mimi kwa barafu?"

Akaangalia ng'ombe sana. "Nitaenda, Tata. Ndiyo wasikucheke."

Hiyo neno ya mwisho ilinichoma. Sikujua kama anajali.

16 Januari

Mvua hakuna. Nimefundisha Bwana Kipimo habari ya baridi. Ameandika yote.

23 Januari

Bwana Kipimo ametupa viatu. Mimi nikaingia, Alfayo akaingia nusu. Mguu wake ni kama jembe. Bwana akasema hakuna kubwa zaidi, atapata Nanyuki. Nanyuki iwe mji ya wakarimu.

30 Januari

Nyanchera anakaanga unga ya wimbi ya safari. Anatia na mafuta ya kondoo kwa pembe, ati tujipake. Nikamwambia mimi siogopi baridi, baridi inaniogopa. Akasema, "Kwako wewe haina kazi, ngozi yako imeshakauka. Nasema Alfayo. Tryphosa ana mimba. Huyo umrudishe kama ulivyomchukua, Baba Alfayo. Usiniletee hadithi mahali pa mtoto."

Hakucheka. Nikaichukua ile pembe nikaifunga kwa mzigo.

6 Februari, Jumatatu

Tumetoka. Soko ya Keroka yote iliacha kuuza, ikaangalia. Nilisimama juu ya mizigo nikawapungia mkono kama Gavana. Nyangate akapiga kelele, "Ongeri, ukianguka huko juu anguka polepole, tupate nafasi ya kucheka!" Alfayo akavuta kofia mpaka puani.

8 Februari

Nanyuki. Mlima hauko. Mawingu tu. Yakub akasema, "Mzee, kumbe umetuleta kwa mlima yenye haiko." Viatu kubwa pia haiko. Yakub amerudi na lori yake, atakuja kutuchukua.

9 Februari

Asubuhi nimetoka kwenda kukojoa, nikainua kichwa, nikasahau kukojoa.

Unajua kitu ikiwa mbali sana unatazama chini kidogo, pale mbingu inaanza? Mimi nilitazama hapo. Haikuwa hapo. Ilikuwa juu ya hapo, juu tena, mahali pa ndege. Jiwe nyeusi, na katikati ya jiwe nyeupe inang'aa. Alfayo alisimama nyuma yangu. Akasema pole pole, "Tata, hiyo ndiyo ulikanyaga?"

Nikasema, "Ile ilikuwa ndogo kidogo."

11 Februari

Tunapanda na wapagazi wa hapa, watu wa mlima, na punda. Kichwa inauma kama ya kuazima. Miti imekwisha. Pahali pake kuna mimea mikubwa imesimama peke yake kwa ukungu, imevaa majani makavu kama wazee wamevaa ngozi. Niliamkia mmoja. Alfayo aliniona. Hakucheka, na yeye alikuwa amevua kofia.

12 Februari, Jumapili

Naandika na mkono mmoja, mwingine uko kwapani.

Tumefika chini ya barafu. Wapagazi wametua mizigo, wakageuka, wakashuka mpaka pango ya chini kulala huko, wamesema hapa si pa mtu. Tumebaki watatu.

Sasa nisikilizwe. Mimi ni fundi wa kuongeza. Mtu akiniletea samaki, jioni ni mamba. Hii kitu nimeitazama tangu saa sita, nimejaribu kuongeza kichwani mwangu, hakuna pa kuongezea. Si barafu ya juu ya jiwe, nyembamba. Ni mto mzima, mpana kuliko Gucha ikifurika, umeshuka katikati ya miamba, halafu ukasimama. Mawimbi yake yamesimama. Kwa nyufa, ndani, ni buluu, buluu ambayo sijaona kwa kanga wala kwa macho ya mzungu. Nikatupa jiwe kwa ufa moja. Nikangoja lianguke. Nikachoka kungoja. Na jua inachoma mgongo wakati huo huo! Mbele baridi, nyuma jua, mtu anaiva upande mmoja kama hindi.

Halafu ikalia. Pa! Kama bunduki. Mimi nilikuwa chini, uso kwa mawe, mikono juu ya kichwa, kama vitani. Bwana Kipimo akacheka, akasema, "Hapana ogopa. Hii natembea."

"Nani anatembea?"

"Barafu. Natembea polepole."

Akanipeleka kwa mwamba iko na alama ya rangi nyekundu. Akasema miaka nyuma mzungu mwingine aliweka rangi hapo, barafu ilikuwa inagusa rangi. Sasa kati ya rangi na barafu unaweza kujenga boma na zizi.

"Imerudi nyuma?"

"Nakwisha, mzee. Kila mwaka kidogo."

Nikashtuka kuliko pale imelia. Kitu kubwa hivyo, mimi nilifikiri ilikuwa hapa kabla ya watu na itabaki. Kumbe inakonda kama babu. Alfayo aligusa ukuta wake kwa kidole kimoja, haraka, kama mtu anagusa maiti ya mkubwa wake.

Bwana ameweka hema mbili. Moja yake na vyombo. Akaonyesha ya pili, akainua vidole. "Wewe mbili, hema moja. Baba na toto. Mzuri."

Nimesema asante Bwana. Ningesema nini?

17 Februari. Nanyuki, hospitali

Nimekaa siku hizi bila kuandika. Sasa naandika yote mara moja, kama mtu anatapika.

Ile jioni nilimwambia Alfayo, "Lala kwa hema. Mimi moshi wa vita umo ndani yangu bado, hema inanibana." Akasema, "Lala wewe, Tata, mimi nitapata pahali." Nikasema nimesema. Nikachukua blanketi zangu nikazunguka mwamba mkubwa, upande haina upepo, nikajikunja hapo. Nikajiambia, Ongeri, wewe ni shujaa. Mtoto yuko ndani, ensoni iko pahali yake, baridi itakula mzee na mzee hana nyama.

Asubuhi niliamshwa na kelele ya Bwana Kipimo. Alikuwa amefungua hema yetu ameshika chai. Hema tupu. Blanketi zimekunjwa vile ziliwekwa. Anazunguka anapiga kelele, "Watu wapi? Watu wapi?" Nikatoka nyuma ya mwamba, ndevu imeganda, nikasema niko hapa. Akanitazama kama nimefufuka.

"Na toto?"

Na mimi nikasema, "Si yuko ndani?"

Hakuwa ndani. Alikuwa upande mwingine wa mwamba ule ule. Mwamba mmoja, mimi huku yeye kule. Mtoto mwenye adabu atalalaje ndani ya hema na baba yake yuko nje? Na akija upande wangu angelala karibu na mwili wangu. Kwa hiyo akatafuta upande wake, akakaa, akavuta blanketi kichwani. Tulilinda heshima usiku mzima, kila mtu kwa upande wake, na hema imekaa katikati haina mtu, ensoni peke yake ndiyo ililala ndani, na joto.

Nilitaka kucheka. Nikaona miguu.

Viatu vilimbana, akavivua. Soksi zilikuwa zimelowa, zikaganda. Bwana alizikata kwa kisu. Vidole vilikuwa vyeupe. Mtoto wangu ni mweusi kama mimi, na vidole vyake vilikuwa kama mshumaa. Bwana akavigonga na kucha, vikalia kama mti. Alfayo alikuwa anatazama tu, kama ni miguu ya mtu mwingine. Akaniambia maneno ya ujinga, ati ng'ombe zimeingia kwa wimbi. Nikajua anaondoka.

Nikakimbia kuwasha moto. Bwana akaupiga teke. "Hapana moto! Hapana sugua! Naharibu!" Akafungua shati yake mwenyewe, akapiga tumbo yake. "Hapa! Mguu weka hapa. Ngozi kwa ngozi. Wewe baki, mimi nakwenda chini leta watu." Akamwingiza Alfayo kwa hema, akanisukuma mimi nyuma yake, akafunga, akaenda.

Sasa mimi niko pahali mtoto wangu amelala.

Nje ilianza kuanguka barafu ya unga. Haina sauti. Mvua ya kwetu inakuja na matusi, unaisikia kutoka mlima ya pili. Hii inakuja kama mwizi, inajaza, inajaza, hema ikaanza kuinama. Nilikaa mlangoni nimempa mgongo. Nikamwita kutoka hapo, kwa adabu. "Alfayo." Hakuitika. "Alfayo, mtoto wa Nyanchera." Hakuna.

Wazee wangu waliokufa, mlikuwa mnaniangalia hapo, mlisema nini? Mimi sikusikia kitu. Nilisikia tu mwanamke mmoja akikaanga wimbi.

Nikavua. Koti, shati, yote ya juu. Nikavua na zake. Nilifunga macho, nikasema nisipoona si dhambi kubwa. Nikachukua miguu yake nikaiweka kwa tumbo langu. Mama yangu! Nilipiga kelele mpaka barafu ikajibu. Ilikuwa kama kumezwa na mto. Nikaishika hivyo hivyo, nikavuta blanketi juu yetu, nikaanza kuongea, kwa sababu hiyo tu ndiyo kazi naijua. Nilimwambia hadithi zote. Karioko, Mjerumani, simba ya Tsavo ambayo niliitukana ikaona haya. Zile zote anakimbia nyumbani, sasa hana pa kukimbilia.

Nikafika kwa Kilimanjaro. Nikasema, nikapanda, nikapanda, nikafika juu nikakaa kwa barafu kama kiti.

Sauti ndogo ikasema, "Tata. Hapo unaongeza."

Nililia. Hakuna wa kuniona isipokuwa yeye, na yeye alikuwa amefunga macho, na mimi nimefunga. Baadaye miguu ilianza kuamka, na ikiamka inauma kuliko kufa, alinipiga nayo tumboni, mateke, akilia samahani Tata, samahani Tata, na teke lingine. Nikamwambia piga.

Watu walikuja kesho yake. Walitukuta hivyo.

Daktari amekata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Amesema bila tumbo angekata miguu yote miwili. Amenishika mkono. Alfayo alikuwa anatazama ukuta.

18 Februari

Alfayo hajaniambia neno.

27 Februari

Yakub ametuchukua. Njia yote, Nakuru mpaka Keroka, Yakub ananiuliza habari, mimi najibu kwa kifupi. Mwishowe akasema, "Mzee, barafu ilikugandisha ulimi?" Alfayo alipanda nyuma, juu ya magunia, na mguu wake umefungwa.

28 Februari

Nimemwambia Nyanchera jiwe liliangukia mguu. Alinitazama sana. "Jiwe," akasema. "Haya."

4 Machi

Nilikutana na Alfayo kwa njia ya mto. Akaingia kwa migomba. Na fimbo yake, anachechemea, akaingia kwa migomba ili asinipite.

7 Machi

Nyanchera amejua. Tryphosa alimwambia. Alfayo halali. Anasema amekanyaga baba yake kwa miguu mitupu, amempiga mateke, wameonana mwili, na mtoto aliye tumboni ndiye atalipa. Anasema atahamia Nyacheki kwa wajomba, ajenge huko, tusionane macho tena.

Mlima imenirudishia mtoto, ensoni inamchukua.

Nikamwambia Nyanchera basi mimi nitanyamaza, hakuna atakayejua. Akasema, "Wewe? Kunyamaza?" Lakini hakuwa anacheka.

11 Machi, Jumamosi

Wazee wamekuja kunywa pombe ya wimbi kwangu, wameketi kwa duara, mirija kwa chungu. Wamekuja kwa hadithi. Nyangate akafuta mdomo. "Haya, Ongeri. Barafu. Tudanganye vizuri."

Nikaanza. Nikawaambia mto umesimama, buluu, unalia kama bunduki. Wakacheka mahali pote. Sikuongeza hata kidogo, na ndiyo walisema nimezidi. Nyangate akauliza, "Na mguu wa mtoto?"

"Jiwe," nikasema.

"Si jiwe."

Alfayo alikuwa amesimama uani na fimbo. Mtu ambaye hajawahi kusema mbele ya wazee.

"Si jiwe. Ni baridi. Tulikataa kulala hema moja kwa sababu ya ensoni, tukalala nje wote wawili. Nilikuwa nakufa. Tata alivua nguo, akaniweka miguu tumboni mwake, siku nzima na usiku. Nikampiga mateke. Nimekuja kusema mwenyewe kabla sijahama, msije mkasema yeye ndiye aliyevunja."

Mirija yote ikatoka midomoni. Nimeona watu wakishtuka vitani, hapana hivyo. Mzee mmoja akageuza uso akaangalia ukuta. Nyangate, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa tangu jando, akasogeza kigoda karibu nami. Akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti sijui alikuwa ameificha wapi, "Ongeri. Ni hivyo?"

"Ni hivyo."

Mzee wa ukutani akasema hii ni kubwa, tuite watu wa ukoo, tumuulize mganga, pengine kijana ahame kweli.

Nyanchera alikuwa amesimama na maji ya moto ya kuongeza chunguni. Alikuwa amengoja watu wasogee. Hawakusogea, akasema kutoka pale pale:

"Miguu hiyo ilinipiga mateke tumboni miezi tisa. Ngozi kwa ngozi. Mbona hakuna aliyeita ukoo? Leo mwanaume amepigwa siku moja, mnataka kuhamisha nyumba?"

Nyangate akaanza kucheka. Kwanza mabega, halafu tumbo, halafu akaanguka kwa upande, anapiga ardhi na mkono. "Ongeri amebeba mimba! Rika langu amebeba mimba kwa barafu!" Na wale wazee wote, hata yule wa ukutani, machozi. Alfayo amesimama katikati, hajui aweke wapi macho. Halafu nikaona pembe ya mdomo wake ikipanda.

Nyangate alipopata pumzi akasema mbuzi ichinjwe Jumatatu, ensoni irudishiwe heshima yake, kwa sababu sisi si wanyama. Lakini habari ya kuhama isisikike tena. Alfayo akasema yeye ni mtu wa misheni, mambo ya mbuzi haamini, lakini mbuzi ataitoa yeye.

13 Machi, Jumatatu

Mbuzi ilikuwa nono. Nyangate alikula kama yeye ndiye alikanyagwa.

Alfayo ndiye alikata nyama, amekaa kwa kigoda, mguu umenyooshwa mbele. Aligawia wazee wote, akafika kwangu. Akaniuliza mbele ya watu, bila kuangalia ng'ombe, "Tata, umeshiba?"

Nilikuwa nimeshiba mpaka hapa shingoni.

Nikasema bado.